Maji Niliyowapunguzia Watu wa Chini

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae. Nilifika Kibugu, huku kwetu Embu, jua likianza tu kuchomoza, nimevaa shati langu la shule kwa sababu sikuwa na jingine la heshima, jembe begani. Nilidhani nitachimba mtaro mpaka jioni. Nilimkuta Bradha, yule mtawa mgeni aliyekuwa akiwajengea watu wetu mradi wa maji wa kanisa, amekaa kwenye ukingo wa saruji kando ya mto, mikono juu ya magoti, macho ameyafumba. Nikamsalimu. Hakuitika. Nikamsalimu tena kwa sauti kubwa kidogo. Akafungua jicho moja, akanionyesha nafasi kando yake, akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani, "Kaa. Nusu saa. Halafu kazi."

Nikakaa. Umande ulipenya suruali yangu, baridi ya msitu ikanishika mgongoni. Nilifikiri ananipima kama mimi ni mvivu, na sikujua kama jibu sahihi lilikuwa kukaa au kuinuka. Nusu saa ilipokwisha alisimama, akajifuta matope, akanipa spana. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi niliyoifanya mpaka nikazeeka.

Wakati huo uhuru ulikuwa bado mpya, na watoto waliozaliwa nao ndio kwanza walikuwa wakianza shule. Nyinyi vijana mnaofungua mfereji jikoni huenda hamjui maji yalifikaje, kwa hiyo nitaeleza. Mahali tulipokaa paliitwa inteki, pale mto unapozuiwa kwa ukuta mfupi ili sehemu ya maji iingie kwenye bomba, ikipita kwanza wavuni ili majani na vyura wabaki nje. Kutoka hapo maji hushuka yenyewe kwa uzito wake, bila pampu. Kwa kuwa mlima wetu ni mkali, kila baada ya mteremko fulani hujengwa tangi la kuvunja nguvu, maana maji yakishuka bila kupumzika yatapasua mabomba. Laini inapogawanyika kuna chemba, kisanduku cha saruji kilichozikwa ardhini, chenye mfuniko wa chuma na valvu kubwa ndani. Valvu ile haifunguliwi kwa mkono. Ina ufunguo wake, chuma kirefu chenye umbo la herufi T. Aliye na ufunguo huo ndiye anayeamua nani ateke na nani angoje.

Bradha alinifundisha pia kusikiliza. Bomba likipasuka chini ya ardhi mara nyingi hulioni. Unasimamisha ufito wa chuma juu ya bomba, unaweka sikio kwenye ncha ya juu, unatulia. Bomba zima lina sauti moja ya chini. Bomba linalovuja lina sauti ya mtu anayevuta pumzi kati ya meno. Wiki za kwanza sikusikia lolote isipokuwa damu ya sikio langu mwenyewe.

"Una kelele ndani," Bradha aliniambia. "Ndiyo maana tunakaa kwanza."

"Ukikaa pale unasema nini, Bradha?"

"Sisemi. Nakaa mbele ya Mwenye maji." Alikuwa akipaka grisi kwenye valvu, hakuinua kichwa. "Maji haya si yako, Njue. Si yangu. Si ya kamati. Sisi ni mawakili tu, tumeshikishwa. Nikikosa kukaa asubuhi, saa sita mchana nimeanza kusema maji yangu. Najijua."

Nilicheka, nikidhani anatania. Alikuwa mtu aliyevaa viatu vilivyoshonwa kwa waya, hakuwa na kitu cha kuita chake.

Baada ya miaka mitatu nilitumwa Timau, upande wa kaskazini wa mlima, kusaidia mradi mwingine wa kanisa. Sisi wa Embu tulidhani tunaijua baridi. Timau ilitufundisha upya. Upepo ulivuka mashamba ya ngano bila kizuizi, na asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, zikivunjika chini ya buti. Huko ndiko nilikokutana na Ireri. Alitoka Mbeere, nchi ya joto, na hakuwahi kumiliki sweta maishani mwake. Tulipewa chumba kimoja cha mabati, na katika mwezi wa kwanza tulilala mgongo kwa mgongo chini ya blanketi mbili kama ng'ombe.

Ireri hakujua kusoma ramani, lakini alisikia uvujaji kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya kazi naye. Kabla ya kuweka sikio kwenye ufito alivua kofia, kama mtu anayeingia kanisani. Nilimfundisha ile nusu saa na akaishika mara moja, kana kwamba alikuwa akiingojea. Tulikaa kwenye ukingo wa mtaro kila asubuhi kabla wenzetu hawajafika, tumejifunika magunia, hatusemi neno. Wachimbaji walitucheka, wakatuita mapadri wa mtaro. Kwa miaka miwili sikuwahi kuwa na rafiki kama yule.

Tuliporudi Embu, Ireri naye akiwa ameajiriwa kwenye mradi wetu, Bradha alikuwa amezeeka na wakubwa wake walimwita nyumbani. Siku ya kuondoka alinikabidhi ufunguo mbele ya kamati nzima. Kisha akatuvuta mimi na Ireri pembeni.

"Nimefundisha watu wengi kuunga mabomba," alisema. "Nyinyi wawili tu ndio mnaojua kukaa. Msiache."

Ireri akasema, "Hatutaacha, Bradha." Nami nikasema hivyo hivyo.

Nilipandishwa cheo, nikawa msimamizi wa mradi mzima, na nikapewa pikipiki. Ireri aliwekwa fundi wa laini ya chini, ile inayoshuka kutoka Kianjokoma hadi Mbeere, kwao. Laini ya juu ilihudumia wakulima wa chai na bustani huku kwetu. Ya chini ilihudumia watu wa nchi kavu, na mwisho wake kabisa ulikuwa dispensari ya kanisa yenye vitanda viwili vya akina mama wa kujifungua.

Sikuiacha ile nusu saa kwa siku moja. Kwanza niliiacha Jumatatu, kwa sababu ya mikutano. Kisha nikawa nakaa juu ya pikipiki, injini ikinguruma, dakika kumi, macho kwenye saa. Halafu nikajiambia kwamba mtu anaweza kuomba akiwa njiani. Na kweli niliomba. Nilichaguliwa kiongozi wa jumuiya, na nikasifiwa kwa maombi marefu yenye maneno mazuri. Watu waliposema, "Njue akiomba unasikia mbingu zimefunguka," nilijifanya sikusikia, lakini nilisikia.

Ndipo kikaja kiangazi kirefu. Mvua za kwanza zilikosa, na za pili zikakosa. Mto ulipungua hadi mawe yake yakaonekana. Kamati iliweka zamu, siku tatu laini ya juu na siku tatu laini ya chini, na Jumapili tangi lijae. Ilikuwa haki, na kila mtu alikubali.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa na shamba la nyanya na mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza ng'ambo, kwenye laini ya juu. Sitaki mumfikirie kama mtu mbaya. Mama yangu alipolazwa hospitalini, yeye ndiye aliyempeleka kwa gari lake. Alinikuta ofisini alasiri moja, akakaa kwenye dawati langu.

"Baba Wawira," alisema, akiniita kwa jina la binti yangu, "wale wa chini wamezoea kiangazi. Wamezaliwa nacho. Sisi huku tukikosa wiki mbili tumekwisha."

"Zamu iliandikwa na kamati, Mwenyekiti. Na wewe ulitia sahihi."

"Sisemi ufunge. Nasema upunguze. Nani ataona?"

Ningependa kuwaandikia kwamba alinitisha, au kwamba alinilazimisha. Hakufanya hivyo. Nilikwenda nyumbani, nikasimama kwenye kipande chetu kidogo ambacho mke wangu alikuwa amekipanda nyanya, nikaziona zimelala chini kama kuku wagonjwa. Mke wangu alikuwa akizimwagilia kwa maji aliyooshea vyombo. Asubuhi iliyofuata, siku ya zamu ya watu wa chini, nilikwenda kwenye chemba, nikainua mfuniko, nikafunga valvu yao zaidi ya nusu. Wiki iliyofuata nikaongeza.

Na nilijua nilichokuwa nikifanya. Laini ndefu ikipewa maji kidogo, hewa huingia ndani, maji husimama njiani na hayafiki mwisho hata tone. Nilifundishwa hilo, na nilikuwa nikiwafundisha wengine. Nilipojiambia kwamba ninawapunguzia tu, nilikuwa nadanganya mtu mmoja aliyejua vizuri kazi ya maji, naye ni mimi.

Ireri alipanda kuja kwangu. Alitembea tangu alfajiri, na alipofika adhuhuri midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilimkuta amesimama uani pa ofisi, kando ya pikipiki yangu.

"Njue, chini hakuna maji."

"Ni kiangazi, ndugu yangu. Hata huku unaona."

"Nimesikiliza laini yote kutoka tangi la tatu. Haivuji popote."

"Basi mto umepungua."

"Umekagua chemba?"

"Nimekagua."

Ireri akasema, "Nipe ufunguo nikaangalie mwenyewe. Macho manne ni bora."

"Mwenyekiti anao," nikasema. "Kamati imeamua ukae kwake."

Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pikipiki, umezungushiwa gunia. Alikuwa karibu nao kiasi kwamba angeweza kuugusa kwa goti. Aliniangalia, akaomba maji ya kunywa, akanywa kikombe kimoja tu, akashuka tena kwa miguu. Nilimwona akipotea kwenye kona, na nikaingia ofisini kuandika ripoti.

Siku chache baadaye muuguzi wa dispensari alifunga chumba cha kujifungulia. Hakuwa na maji ya kuosha mikono wala mashuka, na maji ya mto yalikuwa tope. Akina mama waliambiwa waende hospitali ya mjini. Mmoja wao alikuwa Igoki, mke wa fundi cherehani, mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika mapema. Aliondoka kwa miguu na mama mkwe wake kutafuta gari barabarani, na akajifungua kabla hawajafika barabarani, chini ya kichaka, mama mkwe akimshika. Mtoto alikuwa wa kiume. Aliishi mpaka saa sita mchana.

Padri aliniomba nishuke naye kwenda kuomba na familia ile. Mwenyekiti alikuja pia. Uani palikuwa na majirani wengi, kimya, na Igoki alikuwa ameketi mlangoni amejifunika shuka, hatazami mtu. Tulipewa chai. Niliona wanawake wawili wakiingia na madebe ya maji waliyoyatoa mtoni, mbali, wakayachuja kwa kitambaa ili wageni wapate chai. Nilikunywa kikombe changu mpaka mwisho kwa sababu ingekuwa aibu kukiacha.

Padri akasema, "Ndugu Njue, tuongoze."

Nilisimama. Niliomba mvua, niliomba faraja, nilimshukuru Mungu kwa muuguzi na kwa mradi wa maji. Niliomba vizuri. Sauti yangu haikutetemeka hata mara moja, na watu walilia. Katika mambo yote ninayowaandikia hapa, hilo ndilo linaloniaibisha kuliko mengine. Mkono unaweza kufunga valvu kwa tamaa ya dakika moja. Lakini kusimama mbele ya mama yule na kumtaja Mungu kwa maneno yaliyopangwa, hilo lilihitaji mtu aliyekwisha kuzoea kutosikia.

Asubuhi iliyofuata nilifungua valvu yote. Nilidhani ninatengeneza. Maji yalishuka, yakasukuma hewa, na kesho yake jioni yakafika dispensari. Sikufikiri yatakachosema yakifika. Watu wa chini walitazama mbinguni, hawakuona wingu. Mvua haikunyesha na maji yamekuja. Basi yalikuwepo siku zote, na fundi wao alikuwa akifanya nini?

Kamati iliitisha mkutano kwenye uwanja wa dispensari. Ireri alisimamishwa mbele. Mwenyekiti aliongea kwa upole, kama kawaida yake.

"Hatumtuhumu mtu," alisema. "Lakini maji hayafunguki yenyewe. Msimamizi, je, laini ya juu ilikuwa na kasoro yoyote?"

Nilisimama. "Laini ya juu haikuwa na kasoro."

Kila neno lilikuwa la kweli. Nilikuwa nimelichagua usiku kucha.

Mama mkwe wa Igoki aliinuka, akamkaribia Ireri, akamwuliza, "Wewe ulikuwa umelala wapi?" Hakupandisha sauti. Mwenyekiti akamwuliza Ireri kama ana neno la kujitetea. Ireri alinigeukia, akaniangalia, na akaendelea kuniangalia muda ambao mtu anaweza kusema Baba Yetu yote. Nikatazama viatu vyangu.

"Sina neno," alisema.

Alivua mkoba wa kazi, akapanga vifaa vyake mezani kimoja kimoja: spana mbili, tupa, kopo la grisi, ufito wake wa kusikilizia uliong'aa kwa kushikwa. Akavaa kofia yake, akaondoka. Mwezi haukwisha kabla hajahama na mke na watoto kwenda Timau, walikomkumbuka tangu ujana wetu. Mimi kamati iliniandikia barua ya shukrani.

Mtaniuliza niliishije baada ya hapo. Niliishi kwa kelele. Nilinunua redio ndogo nikaifunga kwenye pikipiki. Nilijaza siku zangu mikutano, semina, kwaya, harambee. Nikijikuta peke yangu inteki asubuhi, na kile kimya cha msitu kikaanza kunizunguka, nilimwona Ireri akipanga vifaa mezani, nikainuka haraka nikawasha injini. Laini mpya zilijengwa wakati wangu, shule tatu zikapata maji, na wageni kutoka miradi mingine walikuja kujifunza kwangu. Niliwaeleza habari za uwakili wa Kikristo. Nilikuwa na hotuba nzima juu yake.

Ilikuwa miaka mingi hivyo, hadi padri mpya alipoamuru wafanyakazi wote wa kanisa waende mafungo ya siku tatu, kwenye nyumba ya watawa iliyo karibu na msitu. Mafungo yale yalikuwa ya kimya kabisa. Hakuna kuongea, hakuna redio, hata chakulani mtu anaonyesha chumvi kwa kidole. Siku ya kwanza nililala. Siku ya pili sikuweza kulala wala kukaa. Nilitoka nikamkuta Sista Mkuu nyuma ya jikoni akichambua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye ungo, nikavunja sheria yake, nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza aliuliza, "Umemwambia Mungu haya?"

"Mara nyingi, Sista."

"Na Ireri?"

Niliinama nikaokota njahi iliyoanguka.

"Anaishi wapi?"

"Timau."

"Kesho asubuhi kuna gari la kwenda Meru. Ukifika Meru utapata la Timau."

"Lakini mafungo hayajaisha, Sista."

"Yako yameisha," alisema, na akapeperusha makapi.

Nilimkuta Ireri kwenye shamba la mboga, akisimamia mitaro ya kumwagilia. Alikuwa amevaa sweta mbili na koti, nywele nyeupe. Alinitambua kabla sijafika. Hakuja kunilaki, lakini hakuondoka. Nilimwambia nimekuja kukiri jambo.

"Kwamba ulifunga valvu," alisema.

"Ulijua?"

"Ufunguo ulikuwa kwenye pikipiki yako, ndani ya gunia. Nilikuwa nimesimama kando yake. Njue, mimi nimeubeba ufunguo ule mara ngapi? Nisiujue kwa sababu umevikwa gunia?"

"Kwa nini hukusema pale mkutanoni?"

Alitazama maji yakipita kwenye mtaro. "Nani angeniamini? Na nilikuwa nakungoja wewe. Siku ile nilikupa nafasi, ukaangalia chini. Nikasema, labda kesho. Tulipohamia hapa, mwaka wa kwanza nilikuwa nikisikia gari limesimama barabarani natoka nje kuangalia. Mke wangu akaniambia, huyo haji. Nikamwambia, nilikaa na mtu huyu kila asubuhi miaka miwili katika baridi hii hii, namjua, atakuja. Baadaye nikaacha kumwambia."

Nilijaribu kupiga magoti. Alinishika mkono akanizuia, kwa nguvu.

"Usipige magoti hapa. Hapa hakuna anayenidharau. Nenda ukasimame pale waliponisimamisha."

Nilirudi. Niliiomba kamati iitishe mkutano nikiri hadharani, na kamati haikufurahi. Mwenyekiti wa zamani alikuwa ameshafariki, na waliokuwepo walisema kwa nini nichimbue mambo ya kale wakati nimebakiza miezi michache nistaafu. Walikubali shingo upande. Uwanja ule ule wa dispensari ulijaa watu, wengine hawakuwa wamezaliwa wakati wa kiangazi kile. Nilisema niliyoyafanya. Sikumtaja Mwenyekiti, kwa kuwa hakuwepo kujibu, na kwa kuwa mkono ulioshika ufunguo ulikuwa wangu. Nilisema Ireri hakuwa amelala. Nilisema aliisikiliza laini nzima kwa sikio lake akatembea nusu siku kuniambia ukweli, nami nikamdanganya.

Mama mmoja akasimama katikati ya watu. Nilimjua ingawa alikuwa amenenepa na ana wajukuu sasa.

"Siku ile uliyokuja kwetu kuomba," Igoki alisema, "ulikuwa unamwambia Mungu nini?"

Nilitafuta jibu. Nilikuwa mtu wa maneno mengi, mnalijua hilo. "Sijui, mama," nikasema.

"Mimi niliitikia Amina," alisema. Akachukua kikapu chake, akatoka uwanjani, na wengi wakamfuata.

Niliondolewa kazini wiki ile ile, na uongozi wa jumuiya nikavuliwa. Ilikuwa sawa. Hakukuwa na sherehe ya kustaafu, wala picha, wala ile saa ya ukutani wanayopewa wazee. Kamati iliandika barua ya kumsafisha Ireri jina, nikaomba niipeleke mwenyewe Timau. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye Biblia yake. Hakurudi Mbeere. Alisema watoto wake wameota mizizi huko.

Sasa mimi ni mzee, na vijana wa mradi huja kuniuliza mabomba ya zamani yalipita wapi, kwa kuwa ramani nyingi zilipotea. Nawaonyesha. Wana mita na simu, na hawaweki sikio kwenye chuma. Sina ugomvi na hayo. Ninachowaambia ni kidogo. Nawaambia wakae kwanza. Wengine hunisikiliza kwa adabu huku wakiangalia saa, kama nilivyofanya.

Mimi nimerudia kukaa. Nikiamka naketi nje ya nyumba, sisemi kitu, kama nilivyofundishwa. Mkidhani kimya hicho ni kitamu, mnakosea. Zamani nilidhani mtu anakaa kimya mbele za Mungu ili apate amani. Bradha hakuniambia hivyo hata siku moja. Alikuwa akikaa ili asijidanganye, na mimi niliacha kukaa pale nilipoanza kutaka kujidanganya. Sasa nikikaa, naiona sura ya mama yule mlangoni, na sisimami. Hayo tu ndiyo maendeleo yangu. Nawaandikia haya nikiona haya, na sidhani itaniisha, wala sijaomba iniishe. Mungu alinishikisha mto, akanishikisha rafiki, na vyote viwili nilivitumia kumwagilia nyanya.

Mwaka jana nilipata habari kwamba mke wa Ireri amefariki. Sikuitwa, lakini nilisafiri. Nilikaa nyuma kabisa pamoja na madereva, mbali na hema la familia. Baada ya maziko, mwanaume wa makamo aliyekuwa akigawa chakula alinifikia na sahani ya wali. Alikuwa na paji la uso la Ireri.

"Karibu, mzee," alisema. "Wewe ni wa upande gani?"

"Nilifanya kazi na baba yako zamani, kule Embu."

Ireri alikuwa akipita na fimbo yake, akasikia, akasimama.

"Huyu ni Njue," alimwambia mwanawe. "Mtafutie kiti cha maana."

Kisha akanigeukia. "Watoto wangu hawajui. Niliwaambia tulihama kwa sababu nilipenda baridi. Mama yao alikuwa akinicheka kwa hilo." Akatazama udongo mbichi wa kaburi. "Mimi nimechoka kulibeba. Mwambie yote."

Akaondoka polepole kwenda kuwaaga wageni wengine. Mwanawe alileta viti viwili. Aliketi mbele yangu, sahani yake ikipoa magotini, akangoja. Nilimwambia yote tangu mwanzo, nikilitaja jina langu kila mahali lilipostahili kutajwa.